Uliza Fundi: Traiki niliyojiundia inanivuta mtaroni

Maswali ya traiki, yaani pikipiki ya magurudumu matatu, yameongezeka sana siku hizi na mimi nimefurahi, juu watu wa mtaani wanaunda vitu vya maana na spana na mashine ya kuweld tu. Leo tunapatia hayo maswali ukurasa mzima. La kwanza litakula nafasi kubwa kwa sababu majibu yake yanawahusu wengine wote.

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Niko Kariobangi South. Nimeendesha nduthi ya cc 150 miaka mingi lakini nyonga iliumia na kushikilia pikipiki kwa foleni ikawa mateso, sasa mimi na jamaa yangu wa kuweld pale Light Industries tukaikata nyuma tukaweka ekseli moja ndefu, sproketi (gurudumu la meno la cheni) katikati, beringi mbili za kuishikilia na rimu za gari inchi 13. Imetoka poa mpaka watu wanasimama kuangalia. Shida ni kwamba nikiipeleka barabarani inataka kuingia mtaroni upande wa kushoto, kwa kona inakataa kugeuka inaenda tu mbele, na nikifika nyumbani mabega yanauma siku nzima. Niikate tena ama nitaizoea?

JIBU: Usikate kitu bado, kaka. Kwanza tujue ni nini cha barabara, ni nini cha chuma na ni nini cha mwili wako.

Barabara zetu zimejengwa zikiwa zimeinuka katikati ndio maji ya mvua yateremke pembeni, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hivyo gurudumu lako la kushoto liko chini kuliko la kulia karibu kila saa. Kwa nduthi hukuwahi kuliona hilo maana pikipiki inasimama wima hata lami ikiinama. Traiki inainama pamoja na lami, na uzito wote unataka kuteremka kushoto. Hiyo haina spana ya kuikaza, utaizoea kwa kushikilia kidogo upande wa kulia. Lakini kabla hujalaumu lami tafuta mahali tambarare kabisa, parking ya saruji Jumapili asubuhi hivi, uone kama hapo pia inavuta.

Ukiwa hapo fanya hii, haigharimu kitu. Mwagia tairi zote tatu maji halafu endesha polepole moja kwa moja mita kumi hivi kwenye saruji kavu. Shuka uangalie alama. Mstari wa tairi ya mbele unafaa kuwa katikati kabisa ya ile miwili ya nyuma, chukua futi kamba upime kushoto na kulia. Kama upande mmoja ni sentimita 54 na mwingine 50, traiki yako inatembea upande upande na ekseli imekaa kombo. Sasa pima kutoka katikati ya shingo ya usukani mpaka mwisho wa ekseli kushoto, kisha kulia, kamba ikiwa imevutwa sawasawa. Tofauti ikizidi milimita 3 legeza boliti za beringi, sogeza, kaza, upime tena. Usiwahi kupima kutoka kwa fremu ya nyuma yenye mmeweld wenyewe, juu chuma kikipata moto huvutwa na kile unachodhani kimenyooka kinaweza kuwa ndicho kimepinda.

Sasa hiyo ya kukataa kona. Ekseli yako ni moja na haina difu, ile gia inayoruhusu gurudumu moja lizunguke haraka kuliko lingine, kwa hivyo magurudumu mawili yanalazimika kuzunguka sawa. Chukua umbali kati ya tairi za nyuma kuwa mita 1.1: kwenye kona moja ya nyuzi 90, gurudumu la nje linahitaji kutembea karibu mita 1.7 zaidi ya la ndani, na hiyo hesabu haibadiliki kona iwe kubwa ama ndogo. Kwa hivyo tairi moja lazima iteleze, na kwenye lami kavu tairi za gari zenye mpira mpana hazitaki kuteleza, zinasukuma pua ya traiki mbele. Kwenye murram utaona inageuka vizuri zaidi kwa sababu hapo inateleza bila kelele. Dawa kamili ni difu, na kuna zile za cheni, sproketi inafungwa kwenye mwili wa difu yenyewe. Dawa ya bei nafuu ni kufanya gurudumu moja tu liendeshwe na cheni na lile lingine lizunguke huru kwa beringi zake. Hiyo ya pili inafanya kazi, lakini ukivuta mafuta kwa nguvu itasukuma upande mmoja, na breki lazima ziwe kwa magurudumu yote mawili ya nyuma. Hapa sitabembeleza mtu. Breki ya upande mmoja kwenye traiki inaizungusha.

Kabla ya difu punguza presha. Tairi ya gari imezoea kubeba kilo 250 hivi kila moja, yako ya nyuma na wewe ukiwa juu labda inabeba kilo 100. Ukiweka psi 30 kama ya gari inavimba katikati, inagusa lami kwa ukanda mwembamba na inakurusha kwa kila shimo. Anza na 18, chora chaki mstari mnene kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi mwingine, endesha moja kwa moja kidogo halafu uangalie chaki imefutika wapi. Ikifutika katikati tu punguza, ikifutika kingo tu ongeza. Usishuke sana mpaka tairi ikalegea kwenye rimu, inaweza kutoka ukiwa ndani ya kona.

Kuhusu mabega, hapo sasa ni mwili wako bado unaendesha nduthi. Kwa nduthi ukiwa na mwendo unasukuma hendo ya kushoto ndio ulale kushoto, mwili umefanya hivyo miaka mingi bila kufikiria. Ukisukuma hendo ya kushoto kwa traiki inaenda kulia! Kwa traiki unageuza hendo kule unakotaka kwenda, basi. Kona ya kushoto, mkono wa kulia unasukuma na wa kushoto unavuta, na kifua unakipeleka ndani ya kona juu traiki hailali na nguvu ya kona inakutupa nje. Waendeshaji wazuri wa nduthi ndio huhangaika zaidi hapa kuliko mtu ambaye hajawahi kupanda kitu, kwa hivyo usione aibu kurudi kiwanjani kuzunguka kwa umbo la namba nane kwa mwendo wa kutembea mpaka mikono iache kubishana. Utajua umefika siku mtu akikatiza mbele yako na mikono ifanye kitu sawa kabla hujafikiria. Kabla ya hiyo siku usiingie barabara kubwa kama Outering.

Miguu nayo ikae juu ya mapegi (vile vyuma vya kukanyagia) mpaka traiki isimame kabisa. Ile tabia ya boda ya kushusha mguu ukikaribia kusimama itakuumiza vibaya, tairi ya nyuma iko hapo hapo nyuma ya kisigino chako na inaweza kukanyaga mguu ikauvuta chini.

Breki zipigwe kabla ya kona, traiki ikiwa imenyooka. Sababu yake ni hii: chora kwa akili mstari kutoka pale tairi ya mbele inagusa chini mpaka tairi ya nyuma ya nje, traiki ikipinduka inapindukia juu ya huo mstari. Karibu na ekseli uko mbali nao, ukienda mbele unakukaribia. Sasa ukifunga breki katikati ya kona uzito wote unakimbilia mbele, yaani kule ambako traiki ni nyembamba. Ukihisi gurudumu la ndani limekuwa jepesi ama limeinuka achilia mafuta pole pole na nyoosha hendo kidogo, litarudi chini. Usipige breki kwa hofu. Jaribu hiyo hali kiwanjani kwa mwendo mdogo ndio uijue inavyoanza, kwa kiti cha traiki kuna dakika inakuambia, matako yanahisi upande mmoja hauna kitu chini yake.

Na mashimo, kaka. Na nduthi ulikuwa unapita kando ya shimo, sasa ukilikwepa na gurudumu la mbele, la nyuma linaingia; ukiliweka shimo katikati ya tairi za nyuma, la mbele linaingia. Chagua mapema utaingiza lipi na upunguze mwendo. Matuta panda yakiwa yamenyooka mbele yako, ukiyapanda kwa pembe traiki inajipinda na ndipo welding zinaanza kupasuka. Kila wiki futa vumbi kwenye maungio ya ekseli na shingo uangalie kwa tochi: mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi ni ufa umeanza, hapo usipande tena mpaka irekebishwe na mtu anayejua.

SWALI: Fundi yangu inatetemeka hendo nikifika kilomita 30 hadi 40 kwa saa, inachezacheza kushoto kulia mpaka natoa mafuta. Tuliongeza urefu wa foku (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) na kulaza shingo ndio ikae kama zile za Marekani. — Msomaji, Githurai 45

JIBU: Anza na beringi za shingo. Inua mbele kwa jeki, shika foku chini karibu na ekseli, vuta na sukuma mbele nyuma. Ikicheza hata kidogo kaza ama badilisha, na uangalie tairi ya mbele kama ni duara ama imeliwa upande. Mara nyingi shida inaishia hapo.

Ikiwa haijaishia hapo pima hii: weka mbao iliyonyooka ifuate pembe ya bomba la shingo mpaka chini, weka alama pale inagusa. Alama ya pili weka chini kabisa ya kitovu cha gurudumu la mbele. Umbali kati ya hizo mbili ndio unaamua uzito wa usukani. Pikipiki ya kawaida huwa karibu milimita 100 na hiyo ni sawa kwake. Kwa traiki 100 ni nzito, wengi hushuka mpaka 50 hadi 75 ndio mikono ipumzike. Ulipolaza shingo uliongeza huo umbali, na sasa gurudumu la mbele linaanguka upande ukilegeza mkono. Dawa ya kuubadilisha si kurefusha foku tena, ni zile pleti mbili za juu na chini zinazoshika foku, zikichongwa kwa pembe yake zenyewe foku inasogea mbele na umbali unapungua. Mpelekee mtu wa leizi (mashine ya kuchonga chuma), usiweld. Ukipunguza kupita kiasi hendo inakuwa nyepesi lakini kutetemeka kunazidi, hapo dampa ya usukani, yaani kifaa cha kutuliza mtetemo wa hendo, inasaidia. Hiyo dampa isitumike kuficha beringi mbovu.

SWALI: Shikamoo fundi. Nabeba mboga kutoka Wangige na traiki ya 150 tuliyotengenezewa nyumbani. Nikipanda mlima na mzigo inakata pumzi, moshi ni mweusi. Niambiwe ninunue injini kubwa? — Mama wa mboga, Kikuyu

JIBU: Marahaba mama. Usinunue injini bado. Fungua plagi kwanza uangalie ncha yake: kahawia ya kawaida ni sawa, nyeusi yenye masizi makavu ni mafuta yamezidi kwa hewa iliyopo, na kwa moshi uliosema naona ni hiyo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na huko kwenu ni juu zaidi, hewa ni nyembamba, kwa hivyo kabureta iliyosetiwa pwani huku inamwaga mafuta. Safisha filta ya hewa kwanza. Kisha fundi afungue kabureta apandishe kile kiklipu cha sindano ngazi moja, sindano ishuke. Plagi ikiwa nyeupe baadaye amepita mpaka, arudishe, injini kavu inachemka na kuchoma pistoni.

Halafu sproketi. Ikiwa ya nyuma ina meno 42, weka 48: nguvu ya kuvuta inapanda karibu asilimia 14 na mwendo wa juu unapungua karibu 12, kwa kazi yako mwendo huo hauuhitaji. Mzigo uweke chini na katikati ya tairi za nyuma. Magunia yakipangwa juu juu traiki inapinduka kwa urahisi zaidi juu ya ule mstari niliomwelezea kijana wa Kariobangi. Na uwekewe breki ya mkono inayojifunga, kwa sababu traiki ikiachwa kwenye mteremko itaondoka yenyewe, na wewe unasimama mlimani kila siku ukishusha mboga.

SWALI: Na karatasi je? Logbook yangu bado inasema pikipiki. — Msomaji, Umoja

JIBU: Nenda NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla hujaiweka barabarani. Chombo kilichobadilishwa umbo lazima kikaguliwe na logbook irekebishwe, kwa Nairobi ukaguzi uko Likoni Road, Industrial Area. Leseni ya magurudumu matatu ni kundi A3, angalia yako imeandikwa nini. Bima ya mtu wa tatu ni lazima, na uiambie kampuni ukweli kwamba sasa ni magurudumu matatu, la sivyo siku ya ajali watakuambia hicho chombo hawakijui. Helmeti bado inavaliwa. Nairobi Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, hairuhusu pikipiki wala tuktuk, pita chini Mombasa Road na ukae katika leni yako, usijaribu kupenya katikati ya magari vile ulikuwa unapenya na nduthi, upana wako sasa uko nyuma ambako huuoni.