Swichi zisizo na waya kwa taa janja: ipi ikufae?

Balbu janja ikizimwa kwa swichi ya ukutani inakosa umeme kabisa, na hapo simu haiwezi kuiwasha. Kwa hiyo kabla hujaongeza balbu nyingine, nunua swichi isiyo na waya. Ibandike pale mkono unapopapasa gizani, kisha ile ya zamani uiache imewashwa na uifunike.

Nimetumia aina tatu. Ya Wi-Fi huvutia kwa sababu haidai chochote zaidi ya ruta. Shida yake ni betri. Ili isiimalize, swichi hulala. Ukiibonyeza lazima iamke na ijiunge na mtandao ndipo itume amri. Mtu asiyejua hubonyeza tena, taa ikawaka na kuzimika papo hapo. Zipo pia zinazopitisha amri kwenye seva za kampuni, na hizo intaneti ikikatika hazifai kitu. Kwenye ngazi au chumba cha kulala, siishauri hata kidogo.

Ninayoipenda ni ya Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa janja vya nyumbani. Inakula umeme kidogo sana, na nyingine zinaweza kuunganishwa na balbu moja kwa moja. Chukua RODRET ya IKEA, inayotumia betri moja ya AAA: unaisogeza karibu kabisa na balbu ya IKEA, unashikilia kitufe kidogo cha kuunganishia mpaka balbu iitikie, basi. Ukishikilia kitufe cha juu mwanga unapanda, cha chini unashuka, na ruta haihusiki. Ila usidhani kila swichi ya Zigbee itaelewana na kila balbu ya Zigbee. Hakikisha kabla ya kulipa. Tena Zigbee na Wi-Fi hutumia masafa yale yale ya 2.4 GHz, kwa hiyo kama una kifaa cha kuratibu taa, usikiweke ubavuni mwa ruta.

Aina ya tatu haina betri kabisa: nguvu ya kidole ndiyo inayozalisha umeme wa kutuma amri. Zipo kadhaa zinazofanya kazi na taa janja za Philips Hue. Ni nzuri mahali ambapo hutaki kukumbuka betri, lakini kitufe ni kigumu na kinalia "ka!" kwa sauti. Mzee anayeumwa vidole atapata tabu, na karibu na mtoto aliyelala utajuta.

Yoyote utakayochukua, ijaribu ungali na risiti: zima ruta, kisha bonyeza.