Kabla ya kumlaumu mkalimani wa lugha ya alama

Mwalimu wa Baiolojia anachora mzizi ubaoni huku akieleza jinsi maji yanavyopenya utando wa seli. Wanaosikia wananakili na kusikiliza kwa pamoja. Mwanafunzi kiziwi akiinamia daftari, maelezo yamempita. Akimtazama mkalimani, mchoro unafutwa hajaunakili. Hapo hata mkalimani hodari haokoi kitu. Kwa hiyo marekebisho yaanze kwa mwalimu: chora, nyamaza, wape muda wa kunakili, kisha geuka ueleze. Ukisema "hii inakwenda pale," mkalimani aliyeupa ubao mgongo hana cha kutafsiri. Taja kitu kwa jina. Na tafsiri hufika sekunde kadhaa baada ya sauti. Ukiuliza swali, subiri mikono ya mkalimani itue ndipo umchague wa kujibu, la sivyo viziwi watakaa kimya mwaka mzima na kuonekana wazito wa kuelewa, jambo ambalo ni dhuluma.

Andalio la somo limfikie mkalimani siku moja kabla. Maneno kama osmosisi, yaani huko kupenya kwa maji, mara nyingi hayana alama iliyozoeleka, na akizua papo hapo, leo atatumia hii, kesho ile. Neno kama hilo alitaje kwa herufi za vidole, herufi kwa herufi kama lilivyo kitabuni, maana katika sekondari za Tanzania mtihani wa Baiolojia huandikwa kwa Kiingereza na mwanafunzi atakutana na neno lile lile. Kisha aeleze maana yake kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, na alama ya kudumu wakubaliane na wanafunzi viziwi wenyewe, kwani lugha ni yao. Alama hiyo irekodiwe kwa video fupi ya simu ili mkalimani mwingine akija asianze upya.

Mkalimani asimame kando ya ubao, lakini dirisha lisiwe nyuma yake: uso ukiingia kivuli, nyusi hazionekani, na nyusi ndizo zinazotenganisha swali na maelezo. Avae nguo ya rangi moja isiyofanana na ngozi yake. Kitenge cha maua humeza vidole.

Vipindi viwili mfululizo ni dakika 80. Wakalimani wawili wapokezane kila dakika 20. Akiwa mmoja, mwalimu aweke zoezi la kuandika katikati. Mkono uliochoka huanza kuruka maneno, na anayeutazama hana njia ya kujua kilichorukwa.