Barua kwa mwanangu: hiyo "hofu tu" waliyokuambia

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema ulikuwa umesimama ndani ya basi la mwendokasi huko Dar, watu wamebanana, mara moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi haishuki, ukajua unakufa. Hospitali wakakupima moyo, wakakuta mzima, wakakuambia ni hofu tu. Sasa unaniuliza: "Mama, mwili ndio unaniletea hofu, au hofu ndiyo inaniharibia mwili?" Naandika kwa sababu kwenye simu ukianza kulia nami nalia, jibu linapotelea humo.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia. Ulipokuwa darasa la pili nilikaa chini sokoni Mwanjelwa, katikati ya mafungu ya nyanya, nikiamini siku yangu imefika. Wengine walisema presha, wengine nimetupiwa kitu. Bibi yako alinipeleka kuombewa. Nashukuru, ila mikono iliendelea kutetemeka. Zahanati walinipa vidonge vya usingizi. Nilikuwa nakula kumshinda baba yako na bado magauni yananipwaya. Mwezi wa saba Mbeya nzima imevaa sweta, mimi natiririka jasho. Hakuna aliyeyaunganisha hayo, hata mimi mwenyewe.

Ikapita miezi minane. Tabibu mmoja kijana akaniambia ninyooshe mikono, akalaza karatasi juu ya vidole, karatasi ikatetemeka. Akanipapasa shingo. Damu ilipopimwa ikaonekana tezi ya shingo inamwaga homoni kupita kiasi. (Huku nyanda za juu rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, lilikuwa jambo la kawaida kabla chumvi yenye madini joto haijaenea. Bibi yako analo, ndiyo maana hafungui kitambaa shingoni.)

Homoni hiyo ikizidi, moyo unakwenda mbio hata umekaa unachambua mchele. Na akili ikikuta moyo unakimbia ilhali hakuna kinachokukimbiza, haisemi "labda ni tezi." Inasema unakufa. Hapo hofu inaamka, inaumwagia mwili homoni zake yenyewe, moyo unazidi, hofu inazidi. Kwangu mwili ndio ulianza.

Lakini nilimeza dawa, damu ikarudi sawa, na bado nilishikwa. Nikipanda ngazi, moyo ukidunda kama unavyodunda kwa mtu yeyote, natafuta pa kukaa. Tezi ilitulia, woga wa moyo wangu mwenyewe ukabaki. Yule kijana akaniketisha, akaniambia nipumue haraka haraka kwa dakika moja, kwa makusudi. Vidole vikafa ganzi, kichwa kikawa chepesi, kila kitu cha Mwanjelwa kikarudi, pale kwenye kiti, na hakuna aliyenitupia kitu! Akanieleza: ukihema kupita mahitaji unatoa kaboni dayoksaidi nyingi mno. Tunaiita hewa chafu, ila damu inahitaji kiasi chake. Ikipungua, mishipa ya kichwani inabana, ndiyo kizunguzungu, na neva za vidoleni zinachokozeka, ndiyo ganzi. Unahisi hewa haitoshi, unahema zaidi, unajiongezea. Dawa yake ni kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko ile ya kuvuta. Habari ya kupumulia ndani ya mfuko achana nayo; kama ni pumu au moyo, mfuko unaweza kukudhuru.

Sasa wewe. Kipimo cha umeme wa moyo kikifanywa moyo ukiwa umeshatulia, kinaweza kisione kilichopita. Kama mbio zako huanza ghafla na kukatika ghafla, kama mtu amezima swichi, waambie hivyo hivyo, na uulize kama wana kile kifaa cha kuvaa siku nzima. Hofu ya ghafla ya kawaida hupanda kwa dakika kama kumi, kisha hushuka taratibu. Na ukizimia kabisa, au kifua kikibana unapofanya kazi nzito, usikubali kuambiwa hofu, rudi hospitali.

Omba wapime wingi wa damu, sukari na tezi. Waeleze hedhi yako ilivyo nzito, usione aibu, damu ikipungua moyo hukimbia. Waambie pia unavuta dawa ya pumu mara ngapi kwa siku, maana nayo huharakisha moyo. Na yale makopo ya kuongeza nguvu unayokunywa zamu ya usiku, mama, uyataje. Najua utayaruka.

Majibu yakitoka safi, basi. Usipime tena kila wiki. Jirani yetu alinunua mashine ya presha, anajipima kabla ya chai na baada ya chai, na kila namba inamtisha. Ukifika hapo tafuta mtu wa afya ya akili akufundishe kuuzoea moyo wako, kama nilivyofundishwa mimi bila kujua kwamba ni matibabu.

Nasikia siku hizi unatembea kwa miguu ili usipande mwendokasi. Panda kituo kimoja, ushuke. Kesho viwili. Mwisho wa mwezi nakuja na maparachichi, tutapanda basi hilo wote, Kimara hadi Kivukoni. Mimi sijawahi kulipanda, kwa hiyo utanishika mkono.

Mama yako