Jibu: Kupima mtiririko wa damu ubongoni kwa MRI bila sindano

Dada, umeuliza kama MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) ya mjomba wako, anayetoka Malindi kwenda kupigwa picha Mombasa, itaonyesha chochote bila kudungwa dawa, maana ana uvimbe wa ubongo na figo zinamsumbua. Itaonyesha, ila si kila kitu.

Kwa njia iitwayo ASL, mashine hupiga mawimbi ya redio shingoni, ikayatia alama maji yaliyomo ndani ya damu yake mwenyewe inayopanda kichwani. Husubiri kama sekunde 2, ikapiga picha. Kisha hupiga nyingine bila alama na kutoa moja kwa nyingine, kama upimavyo pakacha lenye samaki halafu ukalipima tupu; kinachobaki ni damu iliyofika ubongoni. Shida ni kwamba tofauti yenyewe ni kama asilimia 1 tu, kwa hiyo picha hurudiwa mara nyingi, na mzee akitikisa kichwa kazi imeharibika. Mwambieni mapema, na zile kelele za mashine zisimshtue.

Njia hii ilichapishwa 1992. Watafiti wanaipenda kwa kuwa glioma kali (aina ya uvimbe wa ubongo) kwa kawaida hupitisha damu nyingi, na baada ya mionzi husaidia kutofautisha uvimbe uliorudi na tishu iliyokufa. Lakini mishipa inayovuja haionyeshi. Hiyo bado ni kazi ya gadolini, ile dawa ya kudungwa. Na msidhani kila mwenye figo mbovu hukatazwa gadolini: zile za kisasa zilizo imara hatari yake ni ndogo mno. Nendeni na majibu ya kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo), mumuulize daktari wa picha.