Shemeji ananiuzia bima ya uwekezaji, nashindwa kumkatalia

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 51, nimepunguzwa kazini na kiinua mgongo kimeshaingia benki. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni wakala wa bima. Ananisihi niweke fedha zote kwenye bima ya uwekezaji ya miaka 10. Anasema mtaji umehakikishwa na mfuko wao ulileta 18% mwaka jana. Mwanangu anacheka, anasema ninunue hisa, na rafiki yake ana kundi linalolipa 5% kila mwezi. Binti yangu wa mwisho anaingia chuo baada ya miaka 2. Fomu ya shemeji nimeshaisaini ila fedha sijalipa. Nikikataa, mdogo wangu atanuna. Nifanyeje? – Mama wa Watatu*

Marahaba, Mama wa Watatu.

Hilo kundi tulimalize kwanza, maana halihitaji maneno mengi. Faida ya 5% kwa mwezi, ukiirudisha ndani izunguke, ni karibu 80% kwa mwaka. Hakuna biashara halali inayoweza kuahidi hivyo kila mwezi kwa kila anayejiunga. Mwaka 1920, pale Boston, Marekani, tapeli Charles Ponzi aliahidi 50% ndani ya siku 45, na wa kwanza walilipwa kweli: walilipwa fedha za waliokuja nyuma yao. Kama mwanao ameshaweka chake humo, ajaribu kukitoa sasa hivi.

Sasa tuje kwa shemeji. Simwiti tapeli. Mawakala wengi wanaamini wanachouza, ila wamekijua kwa kupitia kipeperushi cha kampuni. Na kipeperushi hakisemi kwamba kamisheni ya wakala, kwa njia moja au nyingine, inatoka kwenye fedha zako, na kwamba bidhaa za aina hii kwa kawaida hukata gharama nyingi miaka ya mwanzo. Ndiyo maana mtu akivunja mkataba mwaka wa pili au wa tatu, mara nyingi anarudishiwa pungufu ya alichoweka. Wewe una ada ya chuo inayokusubiri baada ya miaka 2, halafu unafungiwa fedha zote miaka 10! Hata bidhaa ingekuwa nzuri kiasi gani, kwa fedha hizo haikufai.

Hiyo 18% isikupumbaze. Ni ya mwaka mmoja, na mwaka huo wamechagua wao kukuonyesha. Kampuni ikiwa na mifuko sita, unaotangazwa ni ule uliong'ara. Uliodorora huunganishwa kimyakimya na mwingine na rekodi yake ikasahaulika. Omba matokeo ya miaka 10, mwaka kwa mwaka, baada ya kutoa ada zote. Kisha utafute mwaka mbaya kuliko yote. Huo ndio utakaokuambia kama utaweza kulala usingizi, maana fedha iliyoshuka kwa 50% inahitaji kupanda kwa 100% ili irudi ilipokuwa.

Na “mtaji umehakikishwa” ni dhamana ya tarakimu tu. Bei za vitu zikipanda kwa 5% kila mwaka, ile 100 utakayokabidhiwa baada ya miaka 10 itanunua vitu ambavyo leo unavipata kwa 61. Tena dhamana yenyewe mara nyingi ni ya anayefika mwisho wa mkataba. Anayetoka njiani haimhusu.

Ada ya mfuko ndiyo inayoniumiza roho zaidi, kwa sababu watu huiona ndogo. “Ni 2% tu, dada.” Haya, chukua karatasi. Weka 100 kwa miaka 20, ikue kwa 7% kwa mwaka: unapata kama 387. Toa ile 2% ya kila mwaka, ukuaji ubaki 5%: unapata kama 265. Tofauti ni 122, yaani zaidi ya fedha yote uliyoanza nayo. Wao hawakuweka hata senti, na soko likianguka ada wanakata vilevile.

Mwanao kuhusu hisa yuko sahihi nusu. Kwa fedha utakayoiacha miaka 10 na zaidi, hisa zina nafasi nzuri ya kuushinda mfumuko wa bei, lakini si hisa za kampuni mbili alizozisikia kijiweni. Ipo mifuko inayofuata fahirisi ya soko, yaani orodha ya kampuni inayotumika kupima soko, inayonunua kampuni zote zilizomo bila kumlipa mtaalamu wa kubashiri, na ada yake huwa ndogo sana. Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani, aliwahi kuweka dau kwamba mfuko wa namna hiyo ungewashinda mameneja wa gharama kubwa kwa miaka 10, kuanzia 2008 hadi 2017. Mwaka wa kwanza mfuko wake ulianguka kwa 37%, na wapinzani wake walipoteza kidogo kuliko yeye. Mwisho wa dau, wake ulikuwa umepanda kwa 125.8%, na hakuna hata mmoja kati ya mifuko mitano ya wapinzani uliouzidi. Lakini ile 37% usiiruke. Ingekuwa ndiyo ada ya binti, angebaki nyumbani.

Kwa hiyo gawa fedha kwa tarehe ya kuzihitaji. Ada ya chuo na matumizi ya miezi 6 hadi 12 ikae benki au kwenye hatifungani fupi za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa muda mfupi, faida iwe ndogo na iwe hivyo hivyo. Kama una deni la riba kubwa, lipa. Hakuna mfuko utakaokupa faida ya uhakika kama hiyo. Kinachobaki ndicho cha kuwekeza, na kama unaogopa kuingia siku mbaya, kiingize kwa mafungu. Ukihitaji bima ya maisha, nunua bima tupu, isiyochanganywa na uwekezaji; utaona bei yake waziwazi na utailinganisha na ya kampuni nyingine.

Kwa shemeji usiseme “nitafikiria”, atarudi kesho. Mwambie: “Shemeji, naomba uniandikie kwenye karatasi mambo matatu: ada zote kwa mwaka, nitarudishiwa kiasi gani nikivunja mkataba mwaka wa 2 na wa 5, na kamisheni yako ni kiasi gani.” Swali la tatu litamkera, liulize tu. Akiyajibu yote, umepata kitu cha kulinganisha. Akianza kuzungumzia undugu, umeshajibiwa. Mdogo wako mpigie mwenyewe kabla mumewe hajafika nyumbani, umwambie ni ada ya mtoto. Akinuna, atanuna wiki mbili.

Na fomu uliyosaini isikutie hofu. Kwa kawaida hiyo ni maombi, na bima haianzi mpaka kampuni ikubali na malipo yafanyike. Iandikie kampuni yenyewe leo kwamba unayaondoa maombi, ubaki na nakala yenye tarehe. Hata kwa waliokwisha kulipa, nchi nyingi zinatoa siku kadhaa za kughairi na kurudishiwa fedha, zikihesabiwa tangu kupokea mkataba, kwa hiyo barua isipitie kwa shemeji.