Madoa kwenye picha: vumbi liko kwenye lenzi au kwenye kihisi?

Swali: Fundi, nakusalimu. Ninapiga picha za harusi hapa Ndosho, Goma. Tangu kiangazi kianze, picha zangu za maharusi kando ya ziwa zina madoa ya kijivu angani, na kila picha yanatokea palepale; zile za ukumbini hazina doa. Nikiimulika lenzi yangu ya 24-70 kwa tochi ya simu, ninaona vumbi limetapakaa ndani. Rafiki yangu anataka tuifungue, tuipulize kwa kompresa ya gereji, kisha tuipanguse kwa spiriti. Je, nimkubalie?

Jibu: Ndugu yangu wa Ndosho, usimkubalie. Kwa jinsi ulivyoeleza, lenzi yako haihusiki na madoa hayo, na kompresa ya gereji isisogezwe kabisa karibu na kamera, kwa sababu upepo wake hutoka umechanganyika na maji na mafuta ya mashine.

Neno lililonionyesha tatizo ni hilo la «palepale». Punje ya vumbi iliyo katikati ya vioo vya lenzi iko mbali mno na mahali picha inapokamilika, hivyo haiwezi kuacha alama yenye umbo; vumbi hilo likizidi sana, na jua likiwa mbele yako, picha hupauka kidogo, basi. Doa lenye ukingo unaoonekana, lisilohama kutoka picha moja hadi nyingine, kwa kawaida linatoka kwenye kihisi, yaani kile kibao kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Kwa usahihi zaidi, punje haikigusi kihisi chenyewe bali hukaa juu ya kioo chembamba kinachokifunika, na ule mwanya mdogo uliobaki ndio unaoeleza kwa nini picha zako za ukumbini hazina doa. Ukumbini unafungua diafragma, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, hadi f/2,8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), mwanga unafika kutoka pande nyingi na kuizunguka punje, kivuli chake kinayeyuka. Ziwani, jua likiwa kali, unaifunga hadi f/16, mwanga unapita kwenye tundu dogo, na kila punje inatupa kivuli kilichokolea.

Jihakikishie kwanza. Weka ISO 100 (kiwango kidogo cha wepesi wa kupokea mwanga) na f/22, zima fokasi ya otomatiki, yaani kamera isijitafutie yenyewe kulenga, elekeza kamera kwenye karatasi nyeupe iliyo karibu ili isionekane vizuri, kisha piga huku ukiisogeza kamera polepole. Ikuze picha hiyo kwenye kompyuta: chochote kilichobaki kama nukta, ilhali karatasi yote imefifia, kiko kwenye kihisi. Kumbuka pia kwamba lenzi huigeuza picha juu chini. Ukiitoa lenzi na kuitazama kamera kutoka mbele, doa lililo juu kushoto kwenye picha utalikuta chini kushoto kwenye kihisi. Wengi husafisha upande usio na kitu kwa kutojua hilo.

Kabla ya kusafisha, nakuomba ufikirie vumbi tunaloishi nalo. Lava ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji mwezi wa Januari 2002 hadi ziwani ndiyo tunayoipondaponda kwa ajili ya barabara na kuta zetu, na vumbi lake jeusi, ukilitazama kwa lenzi ya kukuza, lina kingo kali kama vigae vya chupa. Chembe zake nyingi zina ugumu unaolingana na wa kioo au kuuzidi. Niliwahi kuletewa kamera ambayo mwenyewe alikuwa ameisafisha kwa pamba ya masikio. Juu ya kioo cha kihisi palikuwa na mikwaruzo mitatu myembamba kama unywele, yote imepinda upande mmoja, kama mkono wake ulivyopinda. Punje moja ilikuwa imenaswa kwenye pamba. Mikwaruzo ya namna hiyo haifutiki, dawa yake ni kubadilisha kioo kizima. Kwa hiyo siafikiani hata kidogo na wanaoanza kwa kupangusa: hapa kwetu upepo hutangulia, na kitambaa hugusa pale tu upepo uliposhindwa.

Upepo huo ni wa pampu ndogo ya mpira ya kubana kwa mkono. Zile za farmasi za kusafishia pua za watoto, baadhi zina unga wa talki ndani, hivyo zisitumike. Usipulize kwa mdomo, kwa kuwa mate hukauka na kuacha alama, wala kwa mkebe wa hewa iliyoshindiliwa, kwa kuwa hurusha kimiminika chake kwenye kioo. Jaza betri, chagua kwenye menyu hali ya kusafisha kihisi, elekeza mdomo wa kamera chini ili kinachong'oka kianguke nje, kisha bana pampu mara kumi hivi bila kuiingiza ncha ndani. Betri ikiisha katikati ya kazi, kioo cha kuakisi na pazia linalofunika kihisi vinaweza kuangukia kilichomo. Rudia jaribio la karatasi. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Nukta iliyogoma inahitaji kijiti maalumu chenye upana wa kihisi: milimita 24 kwa kihisi kikubwa cha 36 × 24, au takriban 16 kwa kile kidogo. Tia matone mawili ya dawa yake ya kusafishia, pitisha mara moja kutoka ukingo hadi ukingo bila kukandamiza, geuza upande wa pili, rudi mara moja, kisha kitupe. Ikiwa kihisi cha kamera yako kinaelea ili kupunguza mtikisiko, au mkono wako unatetemeka, mpe fundi afanye.

Lenzi ya zumu kama hiyo yako, yaani ya kuvuta karibu na mbali, inaporefuka huvuta hewa, na vumbi huingia nayo, kwa hiyo usiirefushe na kuifupisha ovyo barabarani huku pikipiki na chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, zikipita. Badilisha lenzi ndani ya gari lililofungwa vioo, kamera ikitazama chini, na ukung'ute mkoba wako kila wiki, maana vumbi jingi hutokea humo.

Lenzi yako iache ilivyo, isipokuwa kama tochi itakuonyesha nyuzi nyeupe zilizosambaa mithili ya utando wa buibui. Hilo ni kuvu, ambalo hustawi kwenye unyevu na hula tabaka la juu la kioo. Ukiliona, itenge lenzi hiyo na nyingine, iweke kwenye kopo linalofungika vizuri pamoja na vifuko vya jeli ya silika, na umpelekee fundi kabla mvua za Septemba hazijaanza.