Uji wa muhogo badala ya nta

Swali: Natengeneza batiki ya mshumaa hapa Morogoro. Nilisikia wanawake wa Kiyoruba kule Nigeria huzuia rangi kwa uji wa muhogo, nikajaribu. Nilipozamisha kitambaa, uji ulivimba ukabanduka, rangi ikaingia kila mahali. Nakosea wapi? Na michoro yao hubuniwa na nani?

Jibu: Umekiacha kitambaa ndani ya rangi muda mrefu mno. Nta hukataa maji kabisa. Uji huyachelewesha tu. Mafundi wa adire, ndivyo kitambaa hicho kiitwavyo, huchovya kwa dakika chache, wakakitoa kipate hewa, kisha wakakirudisha, tena na tena mpaka buluu ikolee. Wanaweza kwa sababu nili, rangi yao ya buluu itokanayo na mmea, hushika ikiwa baridi na huiva hewani: kitambaa hutoka mtungini kina umanjano wa kijani, na unakiona kikigeuka buluu papo hapo. Rangi inayotaka maji ya moto haifai hapa hata kidogo.

Unga wa muhogo upike na shabu na mrututu (chumvi ya shaba) kidogo, uchuje madonge yote, paka upande mmoja kwa unyoya wa kuku, na uache ukauke kabisa. (Mrututu ni sumu. Sufuria hiyo isirudi jikoni.) Kitambaa kiwe laini, kilichofumwa kwa kubana. Adire ya uji ilishamiri katika miji ya Abeokuta na Ibadan, Nigeria, mwanzoni mwa karne ya 20, pamba laini za viwanda vya Uingereza zilipojaa sokoni, maana kwenye nyuzi nene mstari mwembamba hautulii.

Wabunifu ni wanawake wenyewe. Wanaume walikata bati za kupitishia uji, lakini uchoraji wa mkono, upishi wa nili na biashara vilikuwa vya akina mama, wakiwarithisha mabinti. Mchoro wa Ibadandun, wa kuusifu mji wa Ibadan, umejaa miraba, na katika mmojawapo zimo nguzo za Mapo Hall, jumba lililofunguliwa 1929, vijiko vikiwa katikati ya nguzo. Aliyeuchora alikuwa akiutazama mji wake na kuamua kipi kiingie kwenye nguo. Kumwita fundi tu ni kumpunja. Nike Davies-Okundaye, msanii wa Nigeria aliyezaliwa 1951, bado anaifundisha kazi hii.

Ukimaliza kuchovya, usikimbilie kufua. Kitambaa kikauke kwanza, uukwangue uji taratibu, ndipo usuuze kwa maji baridi.